Upinde wa Wake Wenza

Nilikwenda Ushirombo kumzika Luhende, sikwenda kumsamehe mtu. Naliweka hilo mwanzoni kwa sababu wapo walioniona nimekaa mkeka mmoja na Shija, wakaenda kutangaza kwamba msiba umetupatanisha. Tulikaa mkeka mmoja kwa sababu mikeka ilikuwa michache na mvua ilikuwa imelowesha upande wa pili wa turubai. Alinisalimu, nikaitikia, maana mtu mzima haachi salamu ya mwenzake ianguke chini mbele ya jeneza. Kisha nikageuza uso, nikamkazia macho mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele mpaka akaona haya, akahamishia ungo wake nyuma ya nyumba. Shija amenenepa na kipara kimempanda hadi utosini. Nilifurahi kuyaona hayo, na sioni sababu ya kujifanya kwamba sikufurahi.

Watu wa rika langu wakiandika habari zao huanza na babu aliyetoka wapi na nani aliolewa kwa ng'ombe wangapi. Hayo nayaacha Kishapu yaliko. Ninachotaka kukieleza ni mwaka mmoja tu, mwaka nilioishi Geita kwa mke wa kaka yangu, Mama Kulwa, nikimsaidia kupika na kuuza chakula kwa wachimbaji wa dhahabu, na jioni nikibuni pinde. Sisemi pinde za kuwindia. Zilikuwa pinde za mchezo wa mezani, za nchi ambayo haikuwahi kuwepo, na ndizo zilizonifanya nimchukie mtu zaidi ya miaka ishirini bila kuchoka. Leo nachora mabango ya maduka pale Shinyanga mjini, na watu husifu mkono wangu, lakini hakuna bango nililowahi kulichora kwa moyo kama nilivyochora vile vipande vya boksi.

Tulipanga kwenye nyumba ndefu yenye vyumba vinavyotazamana, jirani na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, iliyotikisa vikombe kabatini kutwa nzima. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya paa, kwa hiyo bati moja lilifunika siri za wapangaji wote, na asiyetaka kusikika alipaswa kunong'ona au kuhama. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Luhende. Huyu aliwahi kuwa mpishi kwenye kambi ya Wazungu waliokuja kupima miamba, na huko, kila walipopungukiwa mtu mezani, walimwita aache sufuria aje kucheza. Mchezo wenyewe ni hivi: mmoja anasimulia, anasema mko pangoni, mbele kuna mto, ng'ambo limelala zimwi. Wengine kila mmoja ni mtu fulani ndani ya hadithi hiyo, naye anasema atafanya nini. Penye shaka hurushwa dadu, iamue kama umefaulu au umeumia. Kambi ilipofungwa walimwachia dadu zao, zenye pande nyingi kuliko za ludo tulizozizoea. Luhende akaja nazo mjini, akayatupa mazimwi yao ya theluji, akatunga nchi yake mwenyewe. Aliiita Nchi ya Chini, mahali anapotokea mchimbaji aliyechimba kupita mwisho wa mwamba.

Nchi ya Chini ilikuwa na sheria ambazo Luhende hakuzilegeza hata akiwa amelewa. Baruti marufuku, kwa sababu ikilipuka mwamba unawafukia wote. Hakuna pa kusimama wima, kwa sababu njia zote ni za kutambaa. Sasa, kila mtu mle chumbani alikuwa amekulia kwenye pinde. Baba zetu walikwenda nazo kwenye mikutano ya sungusungu, walinzi wa kijiji, na mtoto wa kiume alipewa wa kwake akiwa bado anajikojolea. Lakini upinde wa kwetu unataka mtu asimame, anyooshe mkono, avute kamba mpaka sikioni. Ukiwa umelala kwa tumbo kwenye shimo, haiwezekani. Ndiyo sababu tukabuni pinde za kitako: upinde mfupi unalazwa juu ya gogo lililochongwa kama la bunduki, kamba inavutwa na kunaswa kwenye jino, unalala nao kifudifudi, kidole kinafyatua. Kila mchezaji alichora wa kwake kwenye kipande cha boksi, na kabla haujaingia nchini ulipimwa. Kupimwa maana yake wenzako wanaushambulia kwa maswali na matusi mpaka wachoke wao au ufe upinde. Uliokufa ulikwenda jikoni kuwashia moto. Uliopona uliwekwa mezani, na kila aliyeuinua alitakiwa kumtaja fundi wake kwa sauti: upinde huu wa fulani.

Hilo la kutajwa ndilo lililonikamata. Kwa Mama Kulwa nilikuwa "wewe". Kwa wachimbaji nilikuwa "dada sahani". Mara ya kwanza niliingia chumba kile kuchukua vyombo, wakati wanaupima upinde wa Shija, na nikawasikia wakisifia kamba yake ya pamba. Nikasema, nikiwa nimeshika sahani zenye makombo ya ugali, kwamba pamba ikilowa inalegea, na huko chini wamesema kuna mto. Shija hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa kijana mrefu wa Didia, fundi wa winchi za kuvutia ndoo za mawe kutoka kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na alinuka oili hata Jumapili.

"Bebe," akasema, yaani wewe kwa Kisukuma, "sahani zako si zimejaa? Nenda."

"Muache," Luhende akasema. "Kauliza swali la kupimia. Shija, jibu."

Upinde wa Shija ulikufa pale pale, ukachemsha chai. Tangu jioni ile nikawa na mahali pangu, juu ya debe lililogeuzwa, karibu na mlango. Na tangu jioni ile Shija akanifanya kazi yake ya pili. Nilileta upinde wenye kamba ya pamba, lakini nikauwekea sheria yake: kwenye ukavu unapiga mbali kuliko yote, karibu na maji unarusha dadu mara mbili na unachukua ile mbaya. Akautukana mpaka sauti ikamkauka, ukapona. Nikaleta upinde wa fahali, ambao mbawa zake ni pembe za ng'ombe mwenyewe, ng'ombe akipiga hatua ndiye anayevuta kamba, na mpigaji anafyatua kwa kukamata mkia. Chumba kizima kilicheka kwa furaha. Shija akangoja wanyamaze, akauliza, "Ng'ombe atatambaaje?" Boksi langu liliivisha maharage, nami nikayala kwa hasira, punje baada ya punje, nikimtazama. Pinde zake yeye zilikuwa nzito, za chuma cha springi za magari, zenye majina ya kutisha. Ukizitazama vizuri zote zilikuwa upinde mmoja, na nilimwambia hivyo kila nilipopata nafasi.

Siku moja mchana nilikuwa nakata michembe, viazi vitamu vya kuanika, nikasikia sauti yake ikipita juu ya ukuta. Alidhani nimeenda sokoni. "Pinde za yule binti zina akili," alikuwa akimwambia Luhende, "lakini zote zinauma watu. Nani atataka kukaa meza moja na mtu wa namna hiyo?" Luhende alicheka, akasema kitu ambacho karasha lilikimeza. Niliendelea kukata michembe. Mama Kulwa aliingia akaniuliza mbona vipande vimekuwa vyembamba kama karatasi, nikamwambia kisu ni kikali.

Upinde wangu mkubwa niliupata kwa kusikiliza ukuta ule ule. Katika chumba cha jirani aliishi mnunuzi wa dhahabu mwenye wake wawili, na wanawake wale walichukiana kwa bidii. Lakini mahindi waliyatwanga pamoja uani, kinu kimoja, michi miwili, huyu akishusha yule anapandisha, na matusi yakifuata mdundo ule ule. "Umeroga!" Puu. "Umezeeka!" Puu. Kwa mwaka ule wote sikuona mchi ukigonga mchi. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji, nikaelewa kwamba hawakosei kwa sababu hakuna hata mmoja anayethubutu kuondoa macho kwa mwenzake. Nikaenda ndani nikachora: kitako kimoja, kamba mbili, watu wawili wamelala ubavu kwa ubavu, kila mmoja anavuta ya kwake. Kabla ya kuvuta, kila mmoja anataja kwa sauti jambo moja linalomfanya amchukie mwenzake, na jambo likiwa la kweli zaidi, dadu zinaongezeka. Wote wakishikilia mpaka mwisho, hakuna zimwi linalobaki hai. Lakini yeyote anaweza kuachia. Ukiachia, upinde unapinduka, na mshale unamwingia yule aliyebaki ameshika. Niliuita Upinde wa Wake Wenza.

Upinde wa watu wawili haujaribiwi na mtu mmoja. Mama Kulwa alinifukuza, Luhende alikuwa kanisani, na pale uani palikuwa na Shija tu, anatengeneza baiskeli yake. Nilimweleza. Hakutukana. Alikwenda kuleta gogo la mpera na mipira ya tairi za ndani, tukafunga mfano wa upinde, tukalala kwa matumbo vumbini kando ya mihogo iliyoanikwa, tukiwa tumeweka gunzi la hindi mahali pa mshale.

"Taja," nikamwambia.

"Unapika ugali kama unamkomoa mtu."

"Na wewe unanuka oili na unajiona."

Tukavuta. Gunzi liliruka ua mzima likatua kwenye beseni la Mama Kulwa, akatulaani kwa Kisukuma mpaka babu zetu. Nilikaribia kucheka, na nadhani yeye alicheka. Kisha akabaki amelala pale, anaichezea kamba kwa kidole.

"Nikiachia, unapigwa wewe?"

"Ndiyo. Na mimi nikiachia, unapigwa wewe."

"Hiyo sheria itoe, Limi. Watu hawataipenda."

"Ndiyo upinde wenyewe," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kulitaja jina langu.

Pamba ilipovunwa ukafika msimu wa mbina, mashindano ya ngoma. Asiye wa kwetu aelewe hivi: Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji, wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na watazamaji wako huru kuhama. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Huulizwi umewavuta kwa kitu gani. Mwenye chatu analeta chatu, mwenye dawa anapaka dawa. Aliyeshindwa akilalamika anatungiwa wimbo. Luhende, aliyependa mbina kuliko mshahara, aliamua fundi wa silaha wa Nchi ya Chini apatikane kwa njia hiyo. Alitaka kuufunga mchezo wake, asiongeze wala kupunguza tena, na pinde zitakazobaki ziwe za fundi mmoja, zitajwe kwa jina lake siku zote. Meza mbili uani, mimi huku, Shija kule. Nilipika tangu alfajiri ili niwe huru mchana. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka siku ile jina langu litoke midomoni mwa watu ambao hawakuwa wananiomba maji ya kunawa.

Nilianza vizuri. Wachimbaji walikuja na vumbi lao, wake wenza wakaja na stuli zao, meza yangu ikazungukwa, na upinde wa pamba ukawa unaua kushoto na kulia. Niliuhifadhi wa Wake Wenza kwa ajili ya mwisho. Ndipo filimbi ikalia upande wa pili. Shija alikuwa amejilaza chini, na kando yake amelala msichana wa saluni ya barabarani, na mbele yao, wa mti wa mninga na springi zilizong'arishwa, ulikuwepo upinde wangu. Wenyewe kabisa, kitako kimoja na kamba mbili. "Upinde wa Wachumba!" akapaza sauti. "Taja unachompendea mwenzako! Mkishikana, hakuna kuachiana!" Wakavuta, mshale ukatoboa debe tupu juu ya ukuta, na uani pakalipuka vigelegele. Watu walihama kutoka kwangu kama nimemwaga maji machafu. Hata wake wenza waliondoka, na stuli zao. Nilibaki na mzee mmoja mlevi aliyekuwa amelala toka mwanzo.

Nilimfuata Luhende mbele ya watu nikamwambia upinde ule ni wangu. Alijua. Macho yake yalisema anajua, maana aliujua mkono wangu na alimjua Shija asivyokuwa na wazo la pili. Akasema, "Mbina ni mbina, Limi. Hatuulizi watu wamevutwa na nini." Wakanitungia wimbo hapo hapo, wenye sahani ndani yake. Jioni Mama Kulwa alinipakulia ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, nyingi kuliko kawaida, akakaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wewe," akasema, "jina aliloupa upinde hukulisikia? Wachumba. Mwanaume mzima kajilaza vumbini mbele ya mji mzima. Huoni?"

"Naona mwizi."

"Haya. Utazeeka na macho hayo hayo."

Nimezeeka nayo na yanaona vizuri. Nilijua alichomaanisha, si kwamba nilikuwa mjinga. Kama Shija alikuwa na neno la kuniambia, alikuwa na mdomo, na ua ulikuwa mmoja. Aliona heri kuchukua kitu pekee nilichokuwa nacho, akakifuta jina, akang'oa jino lake, akakipaka sukari ili watu washangilie, kisha nikione hicho ni zawadi. Watu wengi wameniambia nilipaswa kukiona hivyo. Wote hawajawahi kuibiwa kitu walichokitengeneza. Nilipanda basi la Shinyanga wiki ile ile, na Geita sikurudi.

Basi, Ushirombo, mchana wa mwisho wa matanga. Wanaume walikuwa wakicheza karata chini ya turubai, mvua inanyesha ile ya kusitasita. Kabula, binti mkubwa wa Luhende, aliyezaliwa baada ya mimi kuondoka, akatoka na meza ndogo na mfuko wa dadu. Baba yake alikuwa ameusia kwamba wasianue tanga kabla ya kuingia Nchi ya Chini mara moja. Wakakaa wadogo zake, akakaa Shija, ambaye wanamwita baba mdogo maana hakuwahi kuwaacha. Mjane, Mama Kabula, akanishika mkono akanisukuma mkekani. "Na wewe ulikuwepo mwanzoni," akasema. "Alikutaja sana." Sikuuliza alinitaja kwa lipi.

Binti yule anasimulia vizuri kuliko baba yake. Alituingiza mashimoni mpaka nikasikia harufu ya udongo mbichi. Zimwi likawamaliza wadogo zake mmoja mmoja, wakacheka, wakahesabiwa wafu, tukabaki wawili, mimi na Shija, na silaha moja. Kabula akainua kibao kilichochongwa, kimelainika kwa kushikwa, akasema kama mtoto anavyosema sala, "Upinde wa Wachumba. Upinde huu wa Shija." Kisha akanigeukia kwa heshima, kwa sababu alidhani sijui. "Mama, huu unataka watu wawili. Kila mmoja anataja anachompendea mwenzake, halafu mnavuta. Hakuna kuachia."

"Kuna kuachia," nikasema.

"Samahani mama, sheria hii nimeikuta."

"Kuna kuachia. Na hakuna kupenda."

Karata zilisimama. Kabula alinitazama, kisha akafanya jambo la haki, akamgeukia mwenye jina. "Baba mdogo, wewe ndiye fundi. Kuna kuachia?"

Angeweza kusema hapana. Luhende alikuwa udongoni, Mama Kulwa alikwishatangulia, na mimi nilikuwa mwanamke mmoja kutoka Shinyanga anayebishana msibani. Nilisikia masufuria nyuma ya nyumba, na mama wa mchele akiuliza chumvi iko wapi.

"Kuna," Shija akasema. "Na ni wa Wake Wenza. Fundi wake ni huyu."

Nilidhani siku hiyo ikifika nitalia, au nitacheka. Nilipandwa na hasira mpya kabisa. Alingoja mpaka kila aliyenizomea amekufa au ametawanyika, ndipo akautoa ukweli mbele ya watoto. Kabula, maskini, aliinua kile kibao upya, akasema taratibu, akijaribu jinsi kinavyokaa mdomoni, "Upinde huu wa Limi." Mama Kabula akajifuta macho kwa khanga. Na mimi nilisikia vizuri, gete, kweli kabisa, kila herufi.

"Tajeni basi," Kabula akasema.

"Uliondoka bila kuniuliza," Shija akasema.

"Ulilitoa la kuachia."

Kabula akatafakari, akatugawia dadu nyingi kila mmoja, kwa sababu mambo yote mawili yalikuwa ya kweli. Zimwi lilikuwa mbele yetu. Tukivuta pamoja lilikuwa linakufa, kila mtu pale alijua, na wadogo zake walikuwa wameshaanza kupiga makofi polepole, kama watu wa Geita siku ile.

"Baba mdogo, unashikilia?"

"Nashikilia," Shija akasema. Alikuwa ananitazama, na aliijua sheria.

"Na wewe, mama?"

"Naachia," nikasema.